Bundi wa sura ya nne: niliyojifunza nikiwasomea watoto kitabu cha mwisho cha Harry Potter

Tulimaliza Alhamisi usiku, saa nne kasoro, barazani kwetu Ngamiani, Tanga. Umeme ulikuwa umekatika na tochi ya simu tumeiegemeza kwenye birika la chai. Sura 36 na ile ndogo ya nyongeza mwishoni, zote kwa Kiswahili, huku kitabu chenyewe cha Kiingereza kikiwa wazi mapajani mwangu. Ilituchukua zaidi ya jioni 70, karibu miezi mitano, na ndani ya miezi hiyo kuna siku tisa ambazo hatukusoma kabisa kwa kosa langu mimi.

Tangu niwasimulie wenzangu kazini, wawili wameniambia wanataka kuanza na watoto wao, na wa tatu alikwishaanza akakwama kitabu cha nne. Kwa hiyo nayaandika yote, yaliyotufaa na niliyoyaharibu. Kama hujakisoma kitabu na hutaki kujua nani anakufa, ishia hapa.

Aliyeanza kuwasomea hadithi hii ya Harry, kijana yatima anayesomea uchawi, ni kaka yangu, baba yao. Alikuwa anasoma aya kimyakimya kwa macho, kisha anaisema kwa Kiswahili kana kwamba aliiona jana sokoni. Vitabu vitatu vya mwanzo aliwamalizia hivyo. Cha nne, chenye kurasa 636, alikuwa ndiyo kwanza amekianza alipougua, na hakuinuka tena. Miezi michache baadaye wifi yangu akapata kazi Muscat, watoto wakahamia kwangu. Mkubwa alikuja na kile kitabu cha nne kwenye begi la shule, na ndani yake tiketi ya basi ya Dar mahali baba yake alipoishia.

Nilifikiri ni jambo la kuendelea tu kutoka kwenye ile tiketi. Usiku wa kwanza nikasema "fimbo ya uchawi", mdogo akanikatiza: "Kifimbo. Baba alisema kifimbo." Nikasema "bundi wake Harry", akasema hapana, ni "bundi wa posta", kwa sababu hadithini bundi ndio wanaobeba barua. Kumbe nyumba ile ilikuwa na msamiati wake wote, na mwenye msamiati hakuacha hata karatasi moja. Tukaukusanya kutoka kwenye kumbukumbu za watoto wawili, mmoja akiwa na miaka saba. Maneno mengine hatukuyapata hadi leo. Kwa hiyo kama unaanza leo kitabu cha kwanza, nunua daftari leo hiihii. Kila jina unalolipa Kiswahili liandike na ukurasa wake, kwa sababu mfululizo huu ni vitabu saba na neno ulilolitunga usiku mmoja ukiwa umechoka litakudai miaka miwili baadaye. Na kama kuna mtu mwingine nyumbani anayeweza kushika kitabu siku utakapokuwa haupo, mwonyeshe daftari liko wapi.

Jambo la pili lililonisumbua mapema ni neno mchawi. Kwetu mchawi ni mtu anayeroga, anayeua mtoto wa jirani kwa sababu ya wivu. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima ninayemheshimu, alisimama mlangoni akasikiliza kidogo, akaniuliza kwa upole kama ndivyo mayatima wanavyoliwazwa siku hizi. Niliona haya. Kesho yake nikawabadilisha watu wazuri wote wakawa "wajuzi" na wabaya wakabaki "wachawi". Haikudumu siku mbili. Mkubwa aliniuliza, "Shangazi, kama wote wana vifimbo na wote wamesoma shule moja, kwa nini hawa wanaitwa hivi na wale vile?" Alikuwa na haki. Hadithi nzima inasimama juu ya hilo, kwamba uwezo ni uleule na kinachotofautisha ni alichochagua mtu. Nikarudi kwenye neno la baba yao, wachawi kwa wote. Yule mama nikamwomba akae nasi badala ya kusimama mlangoni, nikamwekea mkeka na chai. Alikaa jioni nyingi kuliko nilivyotarajia.

Kwa maneno hayo na daftari hilo tulipita cha nne, cha tano chenye kurasa 766, na cha sita. Miaka miwili. Sitavieleza, kwa sababu vile vilikuwa vigumu kwa urefu tu. Cha saba kilikuwa kigumu kwa njia nyingine.

Hapa lazima nieleze habari ya bundi. Kwetu bundi akilia juu ya nyumba watu hunyamaza, na bibi mmoja atasoma dua. Wiki ile kaka yangu aliyolala hajiwezi, bundi alilia usiku mbili mfululizo kwenye mwarobaini wa uani. Nyumba nzima ilimsikia, na mdogo alimsikia. Baada ya msiba hakutaka kwenda chooni usiku peke yake kwa sababu ya ule mti. Lakini Hedwig, bundi mweupe wa Harry, aliendelea kumpenda, kwa sababu huyo alikuja na baba yake. Kuna jioni moja, tukiwa katikati ya kitabu cha tano, aliniambia, "Shangazi, labda yule wa kwetu naye alikuja kuleta barua." Sikuwa na la kusema. Tangu siku hiyo akaanza kwenda chooni peke yake.

Sasa, kitabu cha saba mimi nilikuwa nimekisoma. Kilitoka usiku wa kuamkia tarehe 21 Julai 2007, na siku hiyo moja Uingereza na Marekani ziliuza karibu nakala milioni 11. Mikononi mwangu kilifika mwaka 2009, cha kuazima, nikapewa siku tatu nikirudishe. Kurasa 607 kwa siku tatu. Nilikuwa nafukuzia mwisho, nikala sura kama mtu mwenye njaa, na yaliyobaki kichwani yalikuwa machache. Kwa hiyo tulipoanza cha saba nilijiamini kwamba nakijua, sikujisumbua kuisoma sura kabla ya jioni yake.

Sura ya nne ni ile ya safari ya usiku. Marafiki sita wanakunywa dawa wanakuwa na sura ya Harry, ili maadui wasijue nani ni nani, na Harry mwenyewe anapanda kigari cha pembeni cha pikipiki ya Hagrid, rafiki yake mkubwa kama jitu, tundu la Hedwig likiwa katikati ya magoti yake. Wanavamiwa angani. Macho yangu yalikuwa aya moja mbele ya mdomo wangu, kama kawaida, na nikaona mwanga wa kijani unalipiga tundu na bundi anaanguka sakafuni mwa tundu. Nilikuwa na muda wa pumzi moja. Mdogo alikuwa ameniegemea bega. Nikasema tundu limefunguka, bundi akaruka gizani akaenda zake.

Sikuona kama ni uongo mkubwa. Niliona nimemhurumia.

Kilichofuata ni kwamba kila uongo ulihitaji matengenezo. Harry anamkumbuka Hedwig katika sura inayofuata, nikaruka. Harry alipofikisha miaka 17 na kuwa mtu mzima kwa sheria yao, mdogo akauliza kama bundi atarudi na zawadi. Halafu zinakuja sura ndefu za hema, Harry na rafiki zake Ron na Hermione wanahama porini usiku hadi usiku bila habari za mtu yeyote, na kila jioni swali ni lile: kwa nini Hedwig hawatafuti, si bundi wa posta humpata mtu popote alipo? Nilibuni upepo mkali. Nikabuni kwamba amejificha ili asifuatwe. Mkubwa alikuwa ananitazama tu. Nilidhani ananitazama kwa sababu ya usingizi.

Katikati ya uongo huo kuna jioni zilizokuwa nzuri sana, na nisingependa zipotee. Sura ya 16, Harry na Hermione wanafika makaburini usiku wa kuamkia Krismasi, theluji chini, na Harry anaona kwa mara ya kwanza kaburi la wazazi wake. Tarehe ya kufa ni 31 Oktoba 1981. Mkubwa alitoa hesabu papo hapo: "Walikuwa na miaka 21 tu." Juu ya jiwe kuna maneno ambayo nilitaka kuyatafsiri mwenyewe, lakini yalinisikika kama maandiko, nikasita. Kesho yake nikamuuliza mwenzangu kazini ambaye ni Mkristo, akafungua Biblia yake akanionyesha 1 Wakorintho 15:26: "Adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti." Nikayanakili, jioni nikawasomea tena sehemu ile kwa maneno hayo, na ilikuwa tofauti kabisa na nilivyobabaisha jana yake. Mwandishi akiazima maneno kutoka kitabu cha dini au methali ya watu, usiyatunge upya. Kiswahili kinayo tayari, kayatafute.

Sura ya 21 ndiyo yule mama jirani anayoikumbuka hadi leo. Ni hadithi ndani ya hadithi: ndugu watatu wanafika mtoni giza likiingia, wanajijengea daraja kwa uchawi, na Mauti anawatokea kwa hasira kwamba wamemponyoka, anajifanya kuwapongeza, anawapa kila mmoja zawadi. Wa kwanza kifimbo kisichoshindwa, wa pili jiwe la kuwarudisha wafu, wa tatu joho la kutoonekana. Nilipoiona ilivyojengwa nilikiweka kitabu chini nikasema "Paukwa!" Wakaitikia wote watatu, watoto na jirani, "Pakawa!" Nikaihadithia kama bibi yangu alivyokuwa akihadithia, na haikunibidi kubadilisha kitu. Nilifikiri kumwita Mauti Izraili, nikaacha. Izraili ni malaika, anatimiza amri ya Mola wake, hana kinyongo wala hila. Huyu wa hadithini ana hila. Akabaki Mauti. Na vile vitu vitatu tukaviita Tunu za Mauti, jina ambalo naliona zuri kuliko yote tuliyotunga.

Ila palepale nikakosea jambo jingine. Kile kifimbo cha ndugu wa kwanza, Mauti anakichonga kwenye mti ulioota kando ya mto. Mti huo unaitwa elder, ni mti wa Ulaya, na kwa Kiingereza jina lake linafanana herufi kwa herufi na neno la mtu aliyekuzidi umri. Nikasema "mti mkongwe", na kifimbo nikakiita Kifimbo cha Mkongwe. Jioni nne nzima watoto walijadiliana huyo mkongwe ni nani, wakaamua ni Dumbledore, mwalimu mkuu wa shule ya Harry, wakajenga juu yake nadharia ndefu. Ilibidi niwabomolee. Jina la mti au la ndege usiloliona kwenu, litafute kwenye kamusi hata kama unadhani unalijua.

Sasa sura ya 23 na ya 24. Dobby, yule mtumwa mdogo aliyepata uhuru wake kwa soksi ya Harry kitabu cha pili, anakuja kuwaokoa kwenye nyumba ya adui. Anafanikiwa. Wanapotoweka, kisu kinarushwa, na wanapotua ufukweni Harry anakuta kisu kimemwingia Dobby kifuani. Safari hii nilikuwa nakumbuka kwamba anakufa. Na bado mdomo ulipofika pale ukasema, "Akaumia. Wakamwingiza ndani apumzike."

Mkubwa akasema, "Shangazi, si kweli."

Nikamwambia anyamaze. Hakunyamaza. "Si kweli. Dobby amekufa. Na yule bundi alikufa sura ya nne, hakuruka popote." Kumbe alikuwa anakichukua kitabu mchana nikiwa kazini, Kiingereza chake cha kidato cha pili kikimtosha, na alikuwa amefika mbali kuliko sisi. Alivumilia wiki baada ya wiki akisubiri mimi mwenyewe niseme. Mdogo hakulia. Alinyanyuka, akaingia ndani, akalala akiangalia ukutani. Usiku ule alikojoa kitandani, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwaka wa msiba.

Hizo ndizo siku tisa. Kila jioni nilifungua kitabu, kila jioni alisema amechoka.

Tangu katikati ya kitabu nilikuwa narekodi usomaji na kumtumia wifi yangu Muscat kwa WhatsApp, ili na yeye awemo. Hilo nawashauri wote wenye mzazi aliye mbali, na ukirekodi sura nzima kwa vipande vya dakika kumi kumi haimli mtu bando sana. Wifi alikuwa anasikiliza usiku akimaliza kazi. Rekodi zilipokatika akauliza kulikoni, nikamweleza kila kitu. Jibu lake lilikuja alfajiri, sauti, nusu dakika. Alisema, "Wifi, mwanangu alishuka na wanaume makaburini. Katia udongo kwenye kaburi la baba yake kwa mkono wake, mara tatu. Halafu wewe unamficha kifo cha ndege?"

Niliisikiliza mara nyingi. Kile nilichokuwa nakiita kumhurumia mtoto kilikuwa ni kujihurumia mimi. Aliyekuwa hawezi kulitamka neno "akafa" mbele ya watoto wa kaka yangu ni mimi, yeye alikuwa analijua kabla yangu. Na kwa kumdanganya nilimpora mahali pekee ambapo angeweza kuliuliza bila watu wazima kubadilika nyuso.

Jioni ile nikamwita nikamwambia Hedwig alikufa, mwanga wa kijani ulimpiga, na mimi nilidanganya kwa sababu niliogopa. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Alizikwa?" Nikamwambia ukweli, kwamba hapakuwa na nafasi, walikuwa angani wanakimbia na kigari kikalipuka. Akafikiri. Akauliza, "Na Dobby?" Nikasema Dobby alizikwa. Akasema, "Basi soma hapo."

Harry anakataa kutumia uchawi kuchimba kaburi. Anaomba chepe, anachimba kwa mikono yake hadi malengelenge, na Ron na Dean, mwenzao wa shule, wanakuja na machepe yao bila kuulizwa. Anamfunika Dobby kwa koti lake. Ron anavua viatu na soksi zake anamvisha. Dean anatoa kofia ya sufi. Luna, mwenzao mwingine, anamfumba macho. Nilikuwa nasoma polepole mno, na mdogo akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesahihisha daftari letu, "Hiyo ni sanda yao." Kisha akatuhadithia siku ile ya makaburini: nani alishuka kaburini, mwanandani ulivyokuwa, jinsi udongo ulivyokuwa na unyevu. Hatukuwahi kumsikia akiyasema. Mkubwa alikuwepo makaburini pia, akawa anaongeza alipokosea. Hatukumaliza hata nusu ya sura usiku ule, na sijutii.

Baada ya hapo nikajiwekea utaratibu, na ndio ninaousihi kuliko mengine yote. Sura niliisoma mwenyewe siku moja kabla, yote, asubuhi kabla ya kazi. Kama kuna anayekufa nilimwambia mdogo mchana, kwa maneno mafupi, kwamba leo fulani atakufa. Ukimwambia mapema hasira haziji usiku, na hadithi haiharibiki kama tunavyodhani. Alijua kwamba Fred, kaka yake Ron, anakufa ukutani palipobomoka katika vita vya sura ya 31, na bado alishika mkono wangu tulipofika. Sura ndefu tulizigawa jioni mbili. Jioni nne kwa wiki, hazizidi, kwa sababu wiki ya tano tulijaribu sita na sauti ikanikauka kiasi kwamba tangawizi na asali havikusaidia, na watoto wakachelewa shule siku mbili. Mkubwa nikampa kazi: sura moja kati ya nne ni yake. Alikuwa anasoma kwa kujificha, sasa anasoma kwa heshima.

Neno moja kuhusu pesa. Nakala yangu niliinunua ya mtumba Dar, kando ya barabara, shilingi 18,000, nikijiona nimeokoa. Sikuifunua yote. Tulipofika sura ya 33, ile ambayo Harry anazama katika kumbukumbu za Snape, mwalimu tuliyemchukia tangu kitabu cha kwanza, kurasa zikaruka. Fungu zima la karatasi 8, kurasa 16, halikuwemo, halikuchanika, halikuwahi kushonwa. Palepale ambapo ungejua Snape alimpenda nani na alikuwa upande wa nani miaka yote hiyo. Rafiki yangu mmoja alikuwa na nakala, akanipigia picha, lakini yake ilikuwa ya chapa ya Marekani yenye kurasa 759, yangu ya Uingereza, kwa hiyo namba hazikulingana na tulitafuta kwa sentensi. Ilichukua siku nne. Kabla hujalipa, kaa chini ufuate namba za kurasa fungu kwa fungu, hata kama muuzaji anakutazama vibaya. Na kama mtasaidiana na mtu wa mbali, hakikisheni mna chapa moja.

Sura ya 34 niliiogopa tangu siku ile ya ujumbe wa wifi. Harry anakwenda msituni peke yake akijua anakwenda kufa. Analigeuza lile jiwe mkononi mara tatu, na wanakuja: baba yake, mama yake, na Sirius na Lupin, marafiki wa wazazi wake, wote wamekwisha kufa, si mizimu na si watu wa nyama. Wanatembea naye. Anawauliza kama kufa kunauma, na Sirius anamjibu kwamba ni kwepesi kuliko kupitiwa na usingizi.

Mchana nilikuwa nimemwambia mdogo yote hayo. Hata hivyo tulipofika akaniuliza mimi, "Baba iliuma?" Nikamwambia kwamba siku tatu za kabla zilimuuma sana na nilimwona, na kwamba ile saa yenyewe nilikuwa nimemshika mguu na sikuona maumivu. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote kwamba nilimshika mguu. Mkubwa alisema, "Endelea, shangazi," kwa sauti ya mtu mzima, nikaendelea. Harry analiacha jiwe lidondoke msituni. Baadaye kabisa, vita vikiisha, anasema hatalitafuta. Mdogo alitaka tusome mara mbili mahali anaposema hivyo. Hakutoa maoni.

Sura fupi ya nyongeza, miaka 19 baadaye, ilikuwa zamu ya mkubwa. Kituo cha treni cha King's Cross, watoto wa Harry wakienda shule, wakiwa na majina ya waliokufa: James, Albus Severus, Lily. "Kama kwetu," akasema mdogo, ambaye ana jina la babu yangu. Sentensi ya mwisho kwa Kiingereza ina maneno matatu mafupi, na hayo matatu yalituchukua muda kuliko ukurasa mzima. Mkubwa alisema "Mambo yote yalikuwa shwari." Mimi nikaona shwari ni ya bahari. Mdogo akatoa yake, "Yote yalikuwa kheri," na ikapita, imeandikwa kwenye daftari kwa mwandiko wake.

Nikafunga kitabu. Mdogo akasema bado. Akakichukua, akafunua mwenyewe hadi sura ya nne, akanirudishia.

"Sasa isome kweli."

Nikaisoma. Pikipiki, usiku, tundu, mwanga wa kijani. Nikasema akafa. Mkubwa alikuwa amewasha kinasa sauti cha simu kwa ajili ya mama yao, kwa hiyo rekodi ya mwisho tuliyoituma Muscat si ya mwisho wa kitabu, ni ya ukurasa ule.